Fumbo na Usomaji wa Pili: Muyaka, Mkangi na Historia ya Mombasa

Walenisi (1995), ya Katama Mkangi, ni miongoni mwa riwaya chache za Kiswahili zinazotumia safari ya angani. Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo cha kumwangamiza, lakini anatua salama katika sayari yenye jamii ya haki. Msomaji wa mara ya kwanza hulichukua jina la sayari hiyo kuwa la kigeni. Akirudia, huligawa: wale ni sisi. Siri ilikuwa jaladani tangu mwanzo.

Usomaji wa namna hii si mgeni Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga wakati Wamazrui, waliokuwa na Ngome mkononi, walipokuwa wakipambana na Seyyid Said. Hadhira yake ya Mji wa Kale ilizoea kutafuta siasa chini ya maneno ya kawaida.

Hata hivyo, ipo hatari. Wamazrui walianguka mwaka 1837, nasi tunaujua mwisho huo kabla ya kuusoma ubeti wa kwanza. Kwa hiyo kila onyo la Muyaka huelekea kuonekana kama ubashiri wa anguko hilo. Isitoshe, mashairi hayo yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, kisha Hichens akayachapisha mwaka 1940. Mpangilio na maelezo tunayoyategemea yalitoka kwa watu ambao nao walikwisha kuujua mwisho.

Kwa Mkangi hali ni tofauti. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Riwaya yake ilipotoka, mambo ya dola inayomwadhibu mwenye fikra huru alikuwa amekwisha kuyaonja. Kidokezo chake kilipandwa makusudi, na msomaji anaalikwa kukifukua.

Yampasa mhakiki, basi, ajiulize kila arudiapo matini: je, mtunzi angaliweza kulijua hili alipokuwa akitunga? Tusipouliza swali hilo, tutamvika Muyaka joho la mtabiri na kumvua ushujaa wake. Mtabiri husema akiujua mwisho. Muyaka alisema katikati ya mapambano, hali hajui nani angeshinda.