Mlio wa Pikipiki na Uhai wa Dereva: Historia ya Imani Moja, kutoka Cannstatt hadi Kilambo

Kaa kijiweni Kilambo, pale mpakani kando ya Ruvuma, uulize kwa nini baadhi ya bodaboda zimetobolewa sailensa. Utasikia sababu za kila aina. Wapo wanaopenda tu mlio. Wapo wanaoamini mashine inapata nguvu. Lakini ipo sababu moja inayostahili kujibiwa kwa heshima: mwenye gari asiponisikia, atanigonga.

Hii ni hoja ya usalama, na haikuzaliwa Mtwara. Waendesha pikipiki wa Marekani wanayo kwa miaka mingi, tena wameigeuza msemo: bomba lenye kelele huokoa maisha. Je, ni kweli? Tuifuate historia, kisha tupige hesabu kidogo.

Onyo na kelele ni vitu viwili

Mwaka 1885, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya petroli kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu. Nguvu yake ilikuwa kama nusu ya farasi mmoja. Hiyo ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli, na ilikuja na tatizo lake. Kila petroli inapolipuka ndani ya silinda, gesi ya moto hutoka kwa shinikizo kubwa na kuigonga hewa ya nje. Kila mlipuko ni kofi moja. Makofi mengi kwa sekunde ndiyo mlio tunaousikia.

Watu wa zama zile walijua kwamba chombo kinachokwenda kasi lazima kitoe onyo. Sheria ya Uingereza ya 1896 iliyoruhusu magari mepesi barabarani ilidai kila gari liwe na kengele au chombo kingine cha kutahadharisha watu. Hapo kuna jambo: sheria haikusema gari lingurume. Ilisema liwe na kifaa cha onyo, kinachopigwa panapohitajika.

Mwaka uliofuata, 1897, Milton Reeves na Marshall Reeves wa jimbo la Indiana, Marekani, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa injini. Wazo lake ndilo hadi leo liko ndani ya sailensa ya bodaboda: gesi inapitishwa kwenye vyumba na vizuizi, inatanuka, inapoteza shinikizo, na mawimbi ya sauti yanagongana na kufutana kabla ya kutoka nje.

Kumbe hata kutoboa sailensa si jambo jipya. Magari na pikipiki nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na vali ambayo dereva aliifungua kwa mguu au mkono ili gesi itoke moja kwa moja bila kupita kwenye sailensa. Hoja ilikuwa ileile, nguvu zaidi. Hata uwanja wa mashindano wa Brooklands, Uingereza, ulilazimika katikati ya miaka ya 1920 kuwataka washindani wafunge sailensa kubwa, kwa sababu majirani walichoka na kwenda mahakamani.

Kelele inapopewa namba

Kwa muda mrefu sheria nyingi zilisema tu "kelele isizidi kiasi," na kila askari alikuwa na kiasi chake. Vipimo vya desibeli vilibadilisha hali hiyo. Mwaka 1980 ilianza kutumika Kanuni Namba 41 ya Umoja wa Mataifa kuhusu kelele za pikipiki. Mwaka huohuo Marekani ilitoa masharti yake: desibeli 83 kwa pikipiki za barabarani za toleo la 1983, kisha 80 kuanzia toleo la 1986. Ulaya baadaye ilipanga viwango kwa ukubwa wa injini, na India ikafuata mpango kama huo. Pikipiki ya cc 80 hadi 175, yaani ukubwa wa bodaboda zetu nyingi, iliwekewa kikomo cha desibeli 77. Kipimo huchukuliwa pikipiki ikipita mita 7.5 kutoka kwenye kinasa sauti.

Usidhani 77 na 87 zinatofautiana kidogo. Desibeli hazihesabiwi kama maembe. Ukiongeza 10, nishati ya sauti inazidishwa mara 10, na sikio huisikia kama mlio uliokuwa mkubwa takriban maradufu.

Tanzania nayo ina msingi wa kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini yake. Upungufu wetu si wa karatasi. Upungufu ni kwamba huku barabarani kelele bado inapimwa kwa sikio la aliyekasirika.

Pikipiki inavyofika kusini

Ili tuwe waadilifu kwa dereva wa Kilambo, tukumbuke ametoka wapi. Mpango wa karanga ulioanza 1947 uliiletea Mtwara bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukaporomoka, na reli ikafungwa 1962. Kwa miongo kadhaa safari ya Dar es Salaam ilitegemea barabara mbovu na kivuko cha Rufiji, hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Vijijini watu walitembea, au walipanda baiskeli.

Bodaboda ilianza kama baiskeli ya abiria huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Injini ilikuja baadaye, na hapa kuna chombo kimoja cha kukumbukwa: Honda CG125 ya 1976. Ilibuniwa mahsusi kwa nchi zetu, ikiwa na injini rahisi inayovumilia vumbi na matengenezo ya kuchelewa. Muundo wa injini hiyo ulinakiliwa sana China, na pikipiki za bei nafuu zikajaa Afrika Mashariki. Hapa kwetu zikaja SanLG na wenzake, kisha Boxer na TVS za India. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na biashara iliyokuwa imeshaanza mitaani ikapata sura ya kisheria.

Ukanda wa korosho unajua mengine. Msimu ukiwa mzuri, kijana ananunua pikipiki. Pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, la mama mjamzito, la gunia na la msiba. Kwa hiyo swali la usalama wa dereva huyu ni swali la usalama wa kijiji kizima.

Sasa tupige hesabu

Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, iliyochunguza kwa kina ajali zaidi ya 900 za pikipiki eneo la Los Angeles. Kwenye ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, takriban theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo kile kingine alimnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita. Na zaidi ya robo tatu ya hatari zote zilitokea mbele, ndani ya nyuzi 45 kulia au kushoto.

Mbele! Ekzosti inatazama wapi? Nyuma.

Tuchukue mfano. Pikipiki yenye sailensa nzima inatoa desibeli 77 kwa mita 7.5. Iliyotobolewa, tuseme imefika 92. Kila umbali unapozidishwa mara mbili katika eneo la wazi, sauti hupungua kama desibeli 6. Kwa hiyo mita 60 mbele, ile 92 imeshashuka hadi 74. Lori linalokuja limefunga vioo, na bodi yake inakata desibeli nyingine kama 20. Zinabaki 54. Ndani ya kabini injini yake yenyewe inanguruma kama desibeli 70, achilia mbali redio. Dereva wa lori hasikii kitu.

Na muda? Vyombo viwili vikikutana, kila kimoja kikiwa na kilomita 60 kwa saa, hizo mita 60 zinaisha ndani ya sekunde 1.8. Yule uliyemtobolea sailensa akusikie ndiye wa mwisho kukusikia.

Halafu kuna ajali zisizo na gari lingine: shimo, mchanga, mbuzi, mishikaki ya abiria watatu, usiku bila taa. Hapo mlio unamwonya nani?

Ni kweli, mtembea kwa miguu na mtoto aliye kando ya barabara wanasikia pikipiki vizuri. Lakini wanaisikia hata ya desibeli 77, na honi ipo kwa ajili hiyo. Onyo linalolia muda wote linageuka kuwa mazoea, na mazoea hayamshtui mtu.

Anayeumia kwanza

Sikio la kwanza kupigwa ni la dereva mwenyewe. Kwa kiwango kinachotumika sana katika afya kazini, binadamu anaweza kukaa saa 8 kwenye desibeli 85. Kila zinapoongezeka 3, muda salama unapungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Dereva anayeshinda juu ya pikipiki siku nzima kwenye mlio kama huo anapoteza usikivu polepole. Mwishowe yeye ndiye asiyesikia honi ya lori nyuma yake.

La pili ni majirani, na Kilambo si mahali popote tu. Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka Cabo Delgado walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma hiihii. Bomba likiharibiwa, petroli isiyoungua huweza kuwaka ndani ya bomba la moto na kutoa "paa!" kama risasi. Mjini watu watatukana wageuke walale. Kwenye vijiji vya mto huu, mzaha huo saa nane usiku unaweza kumtoa mtu kitandani akakimbilia porini na watoto.

Kilichookoa kweli

Mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza maarufu wa vita vya Uarabuni, alifariki baada ya ajali ya pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, bingwa wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns, alianza kufuatilia vifo vya namna hiyo. Mwaka 1941 alichapisha matokeo: katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa Uingereza. Aliowaona wakiwa wamevaa helmeti walikuwa 7 tu, na wote walipona. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuvaa helmeti. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka 2008 yalionesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Hakuna mlio uliowahi kupata namba kama hizo.

Kwa hiyo, kwa trafiki na halmashauri: kipimo cha pikipiki iliyosimama kipo. Kinasa sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye mzunguko uliopangwa. Kinafanyika kandokando ya barabara, na kinamlinda hata dereva asiye na kosa, kwa sababu namba haina hasira. Kwa mafundi: anayeleta sailensa itobolewe, mwulizeni kwanza taa ya mbele inawaka?

Na kwa dereva: taa iwashwe hata mchana, kiakisi mwanga kivaliwe, helmeti mbili, yako na ya abiria, zifungwe mkanda. Tumezoea kusema ajali haina kinga. Cairns aliihesabu kinga hiyo tangu 1941, na inavaliwa kichwani.