Sauti Zilizofungiwa Ndani: Vyombo vya Muziki tangu Santuri hadi Kompyuta

Leo twazungumza habari za vyombo vya muziki, na jinsi sauti iliyotiwa katika chombo cha zamani inavyoweza kufungiwa humo wakati vyombo vipya vinapokuja. Weka kalamu na daftari karibu, maana yatakuwamo maneno machache mageni.

Habari hii ilinijia darasani, huku Kyela, upande wa Matema. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga na kakao, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akafungua kitambaa, akatoa chombo kidogo cha plastiki, ukubwa wake kama kisanduku cha kiberiti. Akasema, "Mwalimu, humu yumo mama yangu."

Nikamwuliza, "Yumo namna gani, tata?"

Akanieleza. Mwaka 2009 mwanawe alinunua chombo kile Mbeya mjini. Kilikuwa cha kuchezea nyimbo, lakini kilikuwa pia na kipaza sauti kidogo cha kunasia maneno. Bibi akaketi barazani akaimba nyimbo za kubembeleza watoto na za kupalilia, zote kwa Kinyakyusa. Mwaka uliofuata alifariki. Sasa tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni limevunjika, na kioo hakionyeshi kitu. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kupitia kompyuta. Nikaleta kompyuta yangu, nayo mpya. Tukatazama ubavu huu na ubavu huu. Haikuwa na tundu hata moja la kuingia waya wa chombo kile.

Kabla sijakuambia tulifanyaje, yafaa ujue kwamba mzee huyu hakuwa wa kwanza kupatwa na shida hiyo.

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudisha. Baadaye watu wakanasa sauti katika silinda za nta, yaani vipande vya mviringo kama kipande cha mwanzi. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alisafiri na mashine ya namna hiyo huku kwetu kusini, Lindi, Masasi na Newala, akawaomba watu waimbe mbele yake. Silinda nyingi za namna hiyo, kutoka pande nyingi za dunia, zimehifadhiwa Berlin katika nyumba ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika nyumba hiyo katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Lakini fikiri: nani leo ana mashine ya kuchezea silinda ya nta? Nyimbo zimo, mashine ndizo zilizoadimika. Ilibidi mafundi wazihamishe sauti zile, kwanza katika utepe, kisha katika kompyuta.

Ikaja santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay kuimba, na nyimbo zake zikatiwa katika santuri na kuuzwa pwani yote. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika moja. Huku kwetu vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kijana aliyerudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hakukosa wageni jioni. Basi mwaka 1948 huko Marekani ikatoka santuri mpya, laini, inayozunguka mara 33 na theluthi moja tu. Ukiiweka juu ya gramafoni ya zamani, mwimbaji anapiga kelele kama ndege, na sindano nzito ya chuma inaikwaruza na kuiharibu. Tazama, ni shida ile ile ya mzee wangu.

Kaseti ilitupa nafasi ya kupumua. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963, kisha ikawaruhusu watengenezaji wengine waitengeneze kwa umbo lile lile. Kwa hiyo kaseti iliyonaswa Ipinda ilicheza Songea, ilicheza na Karonga ng'ambo ya mpaka, bila kuuliza redio imetoka nchi gani. Utepe ukikwama, uliurudisha kwa penseli. Mimi nakiri naipenda kaseti kuliko vyombo vyote vilivyoifuata. Hata hivyo hewa yetu ya Kyela, yenye joto na unyevu, ni adui wa utepe. Kaseti nyingi za kwaya na za ngoma ya mganda zimeota ukungu ndani ya makabati, na anayezo asikawie kuzihamisha.

Kisha wimbo ukaacha kuwa kitu cha kushikwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu, wengi wao Wajerumani, walipata njia ya kuupunguza wimbo ndani ya kompyuta mpaka uwe mdogo, bila sikio kutambua sana kilichopunguzwa. Faili la namna hiyo huitwa MP3. Faili ni nini? Ni fungu la habari lenye jina lake, kama gunia lenye alama ya mwenyewe ghalani. Mwaka 1998 kilitoka Marekani kichezeo cha mfukoni kiitwacho Rio. Kilipokea nyimbo kwa tundu pana la kompyuta ambalo wakati ule lilitumiwa kwa mashine ya kuchapia. Kompyuta nyingi za leo hazina tundu hilo. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ikatoa iPod, iliyokuwa na waya wa namna nyingine, na mwanzoni ilikubali kompyuta za Apple peke yake. Mwaka 2003 ikapata tundu jipya, na mwaka 2012 tundu hilo nalo likaanza kuachwa.

Mwenye iPod ya zamani ajihadhari na jambo jingine. Akiichomeka katika kompyuta mpya, huenda kompyuta ikamwuliza kama ifute nyimbo zote zilizomo na kuweka zake. Swali hilo huulizwa kwa upole, na mtu asiyesoma vizuri hubonyeza "ndiyo".

Sasa turudi kwa mzee. Jambo la kwanza lilikuwa mlango. Chombo chake kilikuwa na tundu dogo la USB la namna ya zamani, na kompyuta yangu ilikuwa na matundu mapya yenye umbo la yai. Tulinunua mjini kiunganishi kidogo, ambacho mafundi hukiita adapta, na waya wa kufaa. Tukachomeka. Taa ikawaka, betri ikaanza kujaa, lakini kompyuta haikuona kitu.

Jiulize mwenyewe kabla hujaendelea kusoma: kwa nini umeme ulipita, nyimbo zisipite?

Jibu ni kwamba waya wa USB wa namna hiyo ya zamani, ulio kamili, una nyaya nne nyembamba ndani yake. Mbili hupitisha umeme, na mbili hupitisha habari. Nyaya nyingi za bei rahisi zina zile mbili za umeme tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ule wetu ulikuwa wa kuchajia tu. Kwa bahati, mwalimu mwenzangu alikuwa na waya wa kamera yake ya zamani, nao ulikuwa kamili.

Tulipouchomeka, kompyuta ilitambua kwamba kuna chombo. Ikaandika maneno kwamba haiwezi kukisoma mpaka kifomatiwe. Kufomati maana yake ni kupanga ghala upya, na hapo magunia yaliyomo huhesabiwa kuwa hayapo. Mzee aliniona nimenyamaza. Akauliza, "Yasemaje?" Nikamsomea. Akasema, "Usiguse." Nami sikugusa. Nikabonyeza "hapana," nikachomoa.

Maneno yale hayasemi daima kwamba nyimbo zimeharibika. Mara nyingine muunganiko umelegea, au betri imechoka na umeme hautoshi. Tuliacha chombo kijae kwa saa nzima. Tukabadilisha adapta, maana ile ya kwanza ilicheza kama jino bovu. Tukajaribu tena. Safari hii ghala likafunguka.

Ndani yalikuwamo mafaili 11 ya sauti. Sikucheza hata moja kwanza. Niliyanakili yote katika kompyuta, kisha katika kadi ndogo ya kumbukumbu, ndipo nikamwambia mzee aketi. Sauti ikatoka, na nyuma yake jogoo anawika na mtoto anakohoa. Mzee alitazama chini mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Ndaga," kisha akaomba urudiwe.

Kulikuwa na kasoro moja. Saa ya chombo haikuwahi kurekebishwa, kwa hiyo mafaili yote yalionyesha tarehe moja ya uongo, na majina yake yalikuwa namba tupu. Mgeni asingejua wimbo upi ni wa shambani na upi ni wa kumlaza mtoto. Mimi si Mnyakyusa, nisingeweza kusaidia. Jioni tatu mfululizo mzee alisikiliza wimbo mmoja mmoja, akaandika jina lake katika daftari lile lile la darasani, kwa herufi kubwa zilizoinama upande. Siku ya nne alikaa mbele ya kompyuta, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akabadilisha namba ya kwanza kuwa jina.

Yamebaki majina mawili. Dada yake mkubwa yuko Ikombe, naye anayajua, na mzee amekwisha uliza mtumbwi unaondoka lini.