Chipseti mbovu ya 2011 na mazabodi ya mjomba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi aliniuliza swali: kwa nini prosesa mpya yaweza kuonekana rahisi, lakini ukiongeza mazabodi yake hesabu inakataa kabisa? Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimerudi nyuma hadi 1999. Na ndani ya jibu kumo kisa cha mjomba wangu wa Malindi, ambaye hesabu hiyo aliilipa kwa pesa taslimu.

Kwanza chipseti ni nini? Ni kama karani wa bandarini. Diski, USB, sauti, mtandao, vingi vya hivyo hupitia kwake kabla ya kufika kwa prosesa. Zamani hata memori ilipitia humo, mpaka AMD walipoingiza kidhibiti cha memori ndani ya prosesa kwa Athlon 64 mwaka 2003, na Intel wakafuata mwaka 2008. Chipu yenyewe ni ya bei ndogo ukiilinganisha na prosesa. Shida ni kwamba imechomelewa kwenye bodi. Prosesa utaichomoa kwa mkono, chipseti huichomoi. Ikiwa na kasoro, bodi nzima imekwenda na maji.

Intel waliyaonja haya mapema. Chipseti yao ya 820 ilikusudiwa kwa Pentium III pamoja na memori mpya ya Rambus, na ilikuwa itoke Septemba 1999. Siku chache kabla ya uzinduzi ikagundulika kuwa bodi zenye nafasi tatu za memori hiyo zilikuwa zinakosea data. Viwanda vilikuwa vimeshatengeneza bodi za nafasi tatu! Uzinduzi ukasogezwa hadi Novemba, nafasi zikapunguzwa kuwa mbili. Na kwa sababu memori ya Rambus ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko SDRAM ya kawaida, ikaongezwa chipu ya kutafsiri ili bodi zikubali SDRAM. Mei 2000 chipu hiyo nayo ikakutwa na hitilafu, na Intel wakatangaza kuzibadilisha bodi zilizouzwa nayo, karibu milioni moja. Waliofaidika ni VIA wa Taiwan, ambao chipseti yao ilitumia SDRAM bila matata. Prosesa katika sakata lote hilo haikuwa na kosa.

Sasa tufike 2011. Mapema Januari Intel walitoa prosesa za Sandy Bridge, nzuri kwelikweli, kasi yake ilishangaza watu. Lakini zilidai soketi mpya ya pini 1155. Bodi ya zamani ilikuwa na pini 1156, kwa hiyo haikufaa (pini moja tu, jamani!). Ukitaka prosesa ilibidi ununue bodi yenye chipseti ya P67 au H67. Tarehe 31 Januari, wiki chache tu baadaye, Intel wakatangaza kwamba chipseti hizo zina kasoro na wanasimamisha kuzisafirisha.

Kasoro ilikuwa ndogo mno. Chipseti ilikuwa na milango sita ya SATA ya kuunganishia diski: miwili ya kasi kubwa, minne ya kasi ya kawaida. Transista moja katika saketi ya saa ya ile minne ilikuwa inapewa volteji kubwa kuliko uwezo wake. Siku ya kwanza huoni kitu. Transista inazidi kuvujisha umeme mwezi baada ya mwezi, makosa ya data yanaongezeka, hadi diski inapotea mbele ya macho yako. Ile milango miwili ya kasi haikuguswa. Dawa ilikuwa kubadilisha tabaka moja la chuma ndani ya chipu ili transista ile isipate umeme tena. Kwa dawa hiyo Intel walikadiria dola milioni 700 za kurekebisha na kubadilisha, na dola milioni 300 za mauzo yaliyopotea katika robo ile ya mwaka. Bodi zikaondolewa madukani, prosesa zikabaki bila pa kukaa, na zilizokuja baadaye zikabandikwa alama ya B3 ili mnunuzi ajue ni nzima.

Huku kwetu bodi zinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2011 dola moja ilikuwa karibu shilingi 81, Oktoba ikafika 107. Bodi ile ile, bila kuongezwa hata skrubu, ikapanda karibu theluthi. Kwa hiyo aliyeambiwa asubiri B3 alisubiri huku bei inamkimbia.

Mjomba hakusubiri, kwa sababu hakuambiwa. Alikuwa anapiga na kuhariri video za harusi pale Malindi, na katikati ya mwaka huo duka moja la Mombasa lilimuuzia bodi ya P67 kwa bei ya chini sana. Aliona ni bahati. Leo najua kwa nini ilikuwa rahisi: ilikuwa mzigo uliopaswa kurudi ulikotoka.

Mapema 2012 diski yake ya video ikaanza kupotea katikati ya kazi. Fundi akasema diski imekufa. Mafuriko ya Thailand ya Oktoba 2011 yalikuwa yamezamisha viwanda vya diski, bei duniani ilikuwa juu, lakini mjomba akanunua nyingine. Miezi michache nayo ikapotea, safari hii wakati wa kunakili vugo la harusi moja ya Shela. Faili zikaharibika, na akina mama wenye shughuli hawakutaka kusikia habari za diski. Akarudisha pesa yao yote. Nilikuwa darasa la nane, kazi yangu ikiwa kubeba nyaya za taa, na nakumbuka aibu ya siku ile.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, niliitoa kompyuta ile stoo na kuiwasha kwa Linux. Amri ya lspci ikaonyesha chipseti ni toleo la 04. B3 ingeonyesha 05. Nikafungua kasha. Milango miwili mizima ilikuwa imeshikwa na diski ya mfumo na kifaa cha kuchoma DVD. Diski ya video ilikuwa kwenye mlango mgonjwa. Kubadilishana waya na ile DVD kungechukua dakika mbili na senti sifuri.

Kijana wa Kilifi, hesabu yako ya leo ina sababu nyingine pia. Prosesa za AMD za soketi ya AM5, tangu 2022, zinataka DDR5 tu, basi unanunua bodi na memori mpya kwa pamoja. Jumlisha vyote vitatu kabla ya kufurahia bei ya prosesa, na bodi ikiwa rahisi kupita kiasi uliza ni toleo gani na ilitoka wapi.

Nilipomweleza mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, diski zangu zilikuwa nzima?" Zilikuwa nzima, mjomba. Ile ya kwanza iko kwenye kompyuta ya mama mpaka leo.