Unataka Spika za Bluetooth za Kuunga na Wufa Yako? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doo

Kwanza tuelewane kwa jina. Ukienda Luthuli Avenue pale tao useme unataka wufa, utapewa seti nzima: boksi moja kubwa na spika ndogo mbili ama tatu za kando. Ndio vile Nairobi tunaongea, hakuna mbaya. Lakini sabwufa yenyewe ni lile boksi la bezi pekee, ile kitu hufanya madirisha yatetemeke. Shida huanza ukiwa na boksi liko fiti, spika za kando zimechoka, na sasa unataka kuweka za Bluetooth ndio waya ziishe kwa keja.

Mimi niliingia huo mtego. Nilinunua spika ya Bluetooth ya kubeba, nikajua itashikana na wufa yangu kwa hewa tu na zote zicheze ngoma moja. Wapi! Simu ilishika moja, ikaachilia ingine. Nikaomba beshte simu ya Samsung yenye inaweza tuma sauti kwa vifaa viwili, zikacheza kweli, lakini bezi ilikuwa inafika ikiwa imechelewa. Bedsitter ndogo hivyo na ngoma inasikika ni kama iko kanisani.

Sababu ni hii. Bluetooth hubana sauti, huituma, halafu upande ule mwingine huifungua. Hiyo kazi mara nyingi hukula milisekunde 100 hadi 200, na kila kifaa kina spidi yake. Sauti yenyewe hewani hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hivyo wufa ikichelewa milisekunde 100 nyuma ya spika, ni kama umeiweka mita 34 kutoka kwa kitanda. Spika iko kwako, bezi iko kwa ploti ya tatu.

So swali la kwanza dukani si wati ngapi. Uliza: hii spika iko na tundu la SUB OUT? Kama iko, simu inashika spika kwa Bluetooth, halafu spika inapeleka bezi kwa wufa kwa waya mmoja. Zote zinangoja pamoja, zinacheza pamoja. Ndio, waya moja imebaki, lakini hiyo ndio inakuokoa. Mfano mzuri ni Edifier R1280DBs, ina Bluetooth na SUB OUT. Chunga sana, R1280DB bila ile "s" ya mwisho haina hilo tundu. Herufi moja tu na umerudi nyumbani na kitu haikusaidii.

Wufa nyingi za huku ziko na tundu za RCA nyuma, zile nyekundu na nyeupe. Hapo ndipo ule waya unaingia, na spika zake za zamani unazichomoa.

Zile za kubeba kama JBL Flip 5 na Charge 5 ni poa kwa mbogi ikienda Karura, lakini hazina hata AUX, na PartyBoost hushikana na spika zingine za JBL zenye PartyBoost pekee. Sonos nao wameweza mambo ya hewa kabisa, ile Sub yao haihitaji waya ya sauti. Lakini inakubali spika za Sonos tu, na hiyo bei wacha tu.

Na maze, usidanganywe na PMPO. Zile namba kubwa kwa boksi ni za kuuza. Tafuta RMS. Hiyo Edifier ni wati 42 RMS, na kwa bedsitter inatosha mpaka keateka akujue kwa jina.

Ukishaunga, kuna kile kitufe cha kuzungusha cha krosova, kama wufa yako iko nacho. Anza na 80 Hz. Kama spika ni ndogo sana, pandisha hadi 100 ama 120. Ukianza kuskia sauti ya msanii ikitoka kwa boksi la bezi, umepita, rudisha chini. Boksi likiwa kwa kona bezi inaongezeka bila kuguswa volyumu, so kama ukuta huo ni wa jirani mwenye mtoto, tafuta kona ingine.

Kitu ya mwisho: "bila waya" haimaanishi bila stima. Hesabu soketi zako. Halafu piga picha nyuma ya wufa, tundu zote zionekane, uende nayo dukani.