Sataranji ya kompyuta: Mwongozo kwa anayeanza

MNAMO Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5. Leo, programu inayomzidi bingwa yeyote hutoshea katika simu ya mkononi.

Anayeanza huhitaji vitu viwili. Kwanza ni programu ya kupiga hesabu za mchezo, mathalan Stockfish, ambayo imekuwa ikitolewa bila malipo tangu 2008. Pili ni programu ya kuonyesha ubao na kete, kama vile Arena, kwani Stockfish haina ubao wake.

Hata hivyo, usikabiliane nayo ikiwa na nguvu zake zote. Utashindwa kila mara na kukata tamaa. Ipunguzie kiwango hadi uweze kuishinda mara mojamoja. Mchezo ukiisha, tafuta kosa lako mwenyewe kabla ya kuiuliza. Anayetanguliza jibu la mashine hujifunza kutii, hajifunzi kufikiri.

Aidha, kwa mujibu wa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kusaidiwa na kompyuta mashindanoni ni udanganyifu. Mwalimu haingii na mwanafunzi katika chumba cha mtihani.