Kitambaa kizito cha Songwe kilichoshindana na merikani

Ukishuka Tunduma leo, nguo haziishi: vitenge vya mpakani, kanga, marobota ya mitumba. Wanunuzi wachache wanajua kwamba nchi hii, kuanzia nyanda za Mbozi hadi Bonde la Rukwa, iliwahi kufuma nguo yake yenyewe.

Wanyiha wa Mbozi, kama jirani zao Wafipa, walifuma pamba tangu kabla ya ukoloni. Kila kitu kilitoka shambani na porini. Pamba ilitolewa mbegu kwa mkono, ikasokotwa kwa pia, yaani kijiti chembamba chenye kigurudumu. Kitanda cha kufumia kilikuwa miti iliyolazwa na kufungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini, nyuzi za mtande zikivutwa katikati. Mfumaji alikaa chini, akapitisha uzi wa mshindio kwa mkono, akaubana kwa ubao bapa, kisha akaanza tena.

Si kazi ya mchezo. Kitambaa kimoja kilikula siku nyingi, lakini kilitoka kizito, cha kumfaa mtu kwenye baridi ya Mbozi. Rangi yake ilikuwa ile ya pamba yenyewe, pengine na mistari myeusi. Hakuna maua wala ndege waliochorwa. Uzuri ulikuwa kwenye uzi wenyewe, usiolingana unene kwa sababu umesokotwa na vidole.

Tangu miaka ya 1830, merikani, kitambaa cha viwanda vya Marekani, kilimiminika Zanzibar na kuingia bara. Kwa nini basi ufumaji huu haukufa mara moja? Ni umbali. Merikani ilibebwa vichwani na wapagazi kwa miezi, na ikifika Rukwa bei imeshapanda. Nguo ya nyumbani ikaendelea kushindana.

Kilichouumiza ni mambo mawili. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na wanaume, ambao ndio waliokuwa wafumaji, wakalazimika kutafuta fedha mbali na nyumbani. Kisha usafiri ukarahisika, nguo ya kiwandani ikashuka bei.

Tunduma yenyewe imekua kwa usafiri huohuo: barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975.

Ususi wa mikeka, vikapu na nyungo bado upo. Nao sasa unashindana na mabeseni ya plastiki yanayoshushwa kwenye malori.