Si Kila Tumbo la Mbwa Lililovimba ni Minyoo

Wenye kufuga vijibwa aina ya Yorkshire Terrier, nawaomba msikimbilie dawa ya minyoo kila tumbo linapovimba. Mbwa hawa huandamwa zaidi na ugonjwa wa utumbo unaopoteza protini. Mishipa ya limfu, ile inayobeba mafuta ya chakula kutoka utumboni, hutanuka na kuvuja. Protini ya damu iitwayo albumini hupungua, na maji hujaa tumboni au kifuani. Mbwa hukonda huku tumbo likikua, na wengine hawaharishi hata kidogo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe damu mapema. Chakula cha mafuta kidogo ni nguzo ya tiba, basi mabaki ya viazi karai msimpe. Mnyama hana ulimi wa kujisemea. Sisi ndio tutakaoulizwa.